Mdoli wa Shingo Upande

Katika kijarida chetu tumezoea kuchambua mashairi, nyimbo na michezo ya kuigiza ya vijana wa kambi. Leo naomba mnivumilie, nachambua midoli miwili. Msicheke. Siongelei pupe za watoto zinazoshonwa kwa vitambaa. Naongelea midoli yenye kimo cha binadamu na zaidi. Mmoja ni Amal, ambaye wengi wetu tumemwona kwenye simu. Wa pili ni mdoli wa mafunzo ya huduma ya kwanza, uliotoka Gitega ukafika kwetu Gasorwe, Muyinga, ukiwa umevunjika shingo. Huo niliutengeneza kwa mikono yangu, mara mbili. Mara ya kwanza niliuharibu, na watu wote wakanisifu. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na Amal. Ni msichana mkimbizi wa Syria, wa kubuni, mwenye urefu wa mita 3.5. Walimtengeneza Handspring, kundi la Cape Town, Afrika Kusini, walewale waliotengeneza farasi wa mchezo wa War Horse ulioanza kuoneshwa London mwaka 2007. Julai 2021 aliondoka Gaziantep, Uturuki, na Novemba mwaka huohuo akafika Manchester, Uingereza, safari ya kilomita 8,000 hivi. Ndani ya mwili wake kuna mtu anayetembea juu ya magongo marefu, na mtu huyohuyo ndiye anayevuta nyuzi za uso na kichwa. Wengine wanashika mikono, mwingine anategemeza mgongo. Amal haongei hata neno moja.

Nilimtazama kwenye simu ya jirani, chaji ikikaribia kuisha. Kwa macho ya fundi, kazi yote iko shingoni. Anapokutana na mtoto, kichwa kinashuka polepole, kinasimama kidogo kama anayesita, halafu kinashuka tena. Pale anaposita ndipo unaamini kuna mtu. Watengenezaji wake husema kwamba kitu cha kwanza cha kuupa mdoli ni pumzi, na kweli, Amal anapumua kwa shingo. Huko Larissa, Ugiriki, watu walimrushia mawe, na hata hapo mwili ule ulionekana kuumia. Kazi nzuri, sibishi.

Wengi huku kambini walinung'unika: mdoli unafunguliwa mipaka, sisi tunasubiri karatasi. Ni kweli, lakini hilo si kosa la mdoli. Neno langu ni lingine. Amal anamkubalia kila mtu. Mtazamaji hawezi kumkosea. Ukimpokea kwa moyo, ukimpiga picha ukaenda zako, yeye atakuinamia vilevile, kwa sababu aliye ndani amekwisha kuamua. Na mimi nimejifunza, kwa aibu yangu, kuogopa mdoli unaomkubalia kila mtu.

Jina lake kwa Kiarabu ni tumaini. Sisi Waswahili tukisikia amali tunafikiri kazi, kitendo. Ni maneno mawili tofauti ya Kiarabu, yamefanana tu masikioni mwetu. Basi tutoke kwenye tumaini twende kwenye kazi.

Mdoli wa pili una ukoo wa zamani kuliko Amal. Mwaka 1960, Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto huko Stavanger, Norway, alitoa mdoli wa kufundishia watu kumpulizia pumzi mtu aliyeacha kupumua. Tayari alikuwa anauza pupe ya plastiki laini iitwayo Anne, na jina likahamia kwa mdoli mkubwa. Uso wake aliuiga kutoka kinyago cha plasta cha msichana asiyejulikana, anayesimuliwa kwamba alizama mto Seine, Paris, karne ya 19. Watu wanapenda sana kusimulia uso ule. Kwangu mimi uso ni pambo, akili ya mdoli iko shingoni.

Daktari Peter Safar alikuwa ameonyesha jambo hili Marekani, miaka ya 1950, kwa watu waliojitolea kulazwa usingizi: mtu aliyepoteza fahamu, ulimi na nyama za koo humziba njia ya hewa. Ukilaza kichwa chake nyuma na kuinua kidevu, njia inafunguka. Mdoli wa Laerdal ulibeba somo hilo mwilini. Kichwa kikiwa hakijalazwa nyuma, unapuliza mpaka mashavu yanauma, kifua hakipandi. Mdoli unakukatalia. Haukufokei, haukuchekei, unakaa kimya mpaka ufanye sawasawa. Katika midoli yote niliyowahi kuona, sijui mwingine wenye adabu kali hivyo.

Sasa huu wa kwetu. Ulitoka Gitega kwa barabara ya Karuzi, umefungwa juu ya gari kati ya magunia. Ulipofika Gasorwe kichwa kilikuwa kinaning'inia ubavuni. Kikombe cha plastiki kinachoshika shingo kilikuwa kimepasuka, mpira wa hewa umechanika. Mwezeshaji akaja kwenye kibanda changu, mimi natengeneza redio na baiskeli, akasema:

«Papa fundi, kesho saa mbili nina watu thelathini. Fanya utakavyoweza.»

«Usijali, shefu. Kesho utaukuta umekaa.»

Nikautoa ule mpira laini, nikaweka kipande cha tiyo ngumu ya maji, kutoka mdomoni moja kwa moja mpaka kwenye mfuko wa kifuani. Nikapitisha bolti ndefu, nikakaza nati mpaka mwisho, nikajaza gundi, nikazungushia sikotshi. Shingo ikawa ngumu kama mguu wa meza. Halafu, kwa kujionyesha, nikauosha uso kwa sabuni, na mama mmoja mshonaji akaufunga kitambaa kizuri kichwani.

Kesho yake ilikuwa sikukuu. Kila aliyepuliza, kifua kilipanda. Ukipuliza kichwa kimelala, kinapanda. Ukipuliza kidevu kimeshuka, kinapanda. Tiyo haijui kukataa. Watu 30 wakafaulu wote 30, wakapigwa picha wamepiga magoti pembeni ya yule mdoli mwenye kilemba. Mwezeshaji akanishika mkono mbele ya watu.

Wiki chache baadaye, mvua zilikuwa zimejaza mashimo ya udongo wa matofali kule bondeni. Kijana mmoja aliteleza. Walipomtoa alikuwa hapumui. Mmoja wa wale 30, binti wa blok yetu, akapiga magoti bila kuogopa, akabana pua, akapuliza. Kifua hakikupanda. Akapuliza tena kwa nguvu zaidi. Hakikupanda. Ndipo koko mmoja, mkunga wa zamani kutoka Fizi, akasukuma watu, akaweka mkono mmoja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya kidevu, akalaza kichwa nyuma, akamwambia binti: «Sasa puliza, mwanangu.» Hewa ikaingia. Baada ya muda kijana alitapika maji, akakohoa, akabebwa mpaka kituo cha afya. Yuko hai.

Jioni yule binti alikuja kibandani kwangu. Hakuja kulaumu. Aliuliza tu: «Papa, kwa nini kifua cha yule kijana hakikupanda kama cha mdoli?»

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilikuwa nalo, sikuwa na mdomo wa kulitoa.

Nikaomba karatasi ya ruhusa, nikaenda Gitega kuona mdoli mzima. Walinikubalia kukaa nyuma ya darasa, na baada ya mafunzo wakaniachia niufungue shingo. Pale niliona pia mdoli wa mtoto mchanga, unaojazwa maji ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto wa kweli. Huo una somo lake: shingo ya mtoto mchanga ukiilaza nyuma kupita kiasi, nayo inaziba. Inatakiwa kichwa kiinuliwe kidogo tu, kama mtu anayenusa mchuzi. Mafunzo yanayotumia midoli ya namna hiyo yalianza mwaka 2010, na Tanzania ni kati ya nchi za kwanza. Utafiti wa huko katika hospitali 8, uliotolewa 2013, ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Siwezi kusema ni mdoli peke yake, wakunga ndio waliofanya kazi. Lakini mikono yao ilijifunzia kwenye shingo inayosema kweli.

Niliporudi Gasorwe nikaanza upya. Niwaeleze mafundi wenzangu. Njia ya hewa ni shambreri ya baiskeli, inapita juu ya kijiti nilichokibandika chini ya taya. Kidevu kikishuka, kijiti kinabana mpira na hewa inakatika. Kidevu kikiinuka, mpira unaachiwa. Kiungo chenyewe ni tufe la mti mgumu ndani ya kikombe nilichokata kwenye tiyo, katikati kuna kipande cha duara cha tairi, na nati mbili zinakazwa moja juu ya nyingine ili zisilegee. Kipimo changu ni hiki: ukikiachia kichwa, kianguke chenyewe, lakini polepole. Kikibaki hewani umekaza mno. Kikianguka kama nazi umelegeza mno. Mkanda wa tairi unazuia kichwa kisiende nyuma kupita kiasi.

Halafu nikafanya jambo ambalo hata ule wa Gitega haukuwa nalo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 mpaka 5, cha mdoli kilikuwa chepesi kama kopo. Nikaweka mfuko wa mchanga ndani ya fuvu, kilo 3. Sasa ukikiinua, mkono unajua umeshika mtu. Kasoro ipo: shambreri inagandamana wakati wa joto, inabidi niipake poda ya mtoto na kuibadilisha kila baada ya miezi michache. Na uso sasa una doa la gundi shavuni. Nimeliacha.

Mtauliza, uhakiki uko wapi hapa? Uko hivi. Sisi wa kambini tunaangalia michezo mingi ya kuelimisha: mchezo wa kipindupindu, wa ukatili majumbani, wa kunawa mikono. Karibu yote ina mkimbizi mmoja mjinga mwanzoni, mtaalamu mmoja anayemwelekeza, na mwisho mkimbizi anatikisa kichwa: ndiyo, nimeelewa. Watu wanapiga makofi. Ile ni shingo yangu ya kwanza, ile ya tiyo. Mtaalamu akieleza vizuri, kichwa kinatikisika. Akieleza vibaya, kinatikisika vilevile. Tutajuaje kama hewa imeingia?

Hata sisi wenyewe tumekuwa hivyo kwenye mikutano. Kiswahili kina neno zuri, kukubali shingo upande. Tunakubali ratiba mpya ya maji shingo upande, tunakubali tarehe ya mgao shingo upande, na wageni wanaandika kwamba jamii imekubali. Ukikataa wanasema una shingo ngumu. Nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, sisemi mna nia mbaya. Yule mwezeshaji hakuwa na nia mbaya, na mimi pia sikuwa nayo. Sote tulitaka kifua kipande, na kikapanda, na kijana karibu afe.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wanaoandika michezo ni dogo. Mkimbizi wenu wa jukwaani mpeni nafasi ya kukataa pale mtaalamu anapokosea, na mchezo usiendelee mpaka mtaalamu ainue kidevu. Amal anaposita kabla ya kuinama, mlango huo unafunguka kidogo. Ningependa siku moja asite, halafu asiiname.

Mwezi uliopita tulifanya mafunzo tena kwa mdoli wangu wa pili. Walikuja watu 12. Kila mmoja alipuliza mara ya kwanza mbele ya wenzake, na kifua kilipanda kwa watu 4 tu. Yule binti alikuwa mmoja wao. Wanane waliobaki walirudia mpaka jua likazama, mmoja wao akanitukana kwa kutengeneza kitu kibovu. Mwezeshaji alinivuta pembeni na fomu yake mkononi.

«Papa, kwenye mstari wa waliofaulu mara ya kwanza, niandike nini?»

«Andika wanne, shefu.»

Alikaa kidogo, akaandika wanne.