Mchawi Mmoja au Chama cha Wachawi? Kusoma Kivuli Kinaishi Bujumbura

Makala haya yanahusu neno moja ambalo wanafunzi wetu hulitafsiri haraka mno: mchawi. Tunapofundisha Kivuli Kinaishi (1990), tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, wengi wao huandika pembeni mwa ukurasa neno la Kirundi umurozi, kisha husonga mbele. Kwa upande wa kamusi hawajakosea. Lakini tafsiri hiyo inaiondolea tamthilia nguzo yake, kwani wachawi wa Giningi hawarogi mmoja mmoja. Wana chama, na chama chao ni serikali.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuroga ya Kiswahili na kuroga ya Kirundi ni mzizi mmoja wa Kibantu. Hata hivyo, maneno ndugu si lazima yafanane tabia. Katika Kirundi, uburozi ni uchawi na ni sumu pia. Ndiyo maana mtu wa Buyenzi au Bwiza akisema kwamba fulani amerogwa, msikilizaji hapa mjini hujiuliza mara moja alikula nini, na kwa nani. Umurozi ni mtu mmoja, anajulikana kwa jina, na nyumba yake iko karibu. Desturi ya mwenyeji kuonja kinywaji kabla ya kumkabidhi mgeni hueleweka katika hali hiyo: hatari imo katika mkono wa mtu mmoja.

Kiswahili cha pwani nacho kinamfahamu mchawi wa namna hiyo. Methali isemayo "mchawi mpe mwana kulea" inamhusu yeye: jirani ambaye njia ya kumfunga mikono ni kumwamini. Lakini pwani ina neno jingine, mwanga, ambalo wingi wake ni wanga na kitenzi chake ni kuwanga. Mwanga hutoka usiku, naye huenda kukutana na wenziwe. Katika masimulizi ya Unguja na Pemba, uchawi wa aina hii una mkubwa wake, karamu zake, madeni yake na kiingilio chake. Kiingilio hicho ni mtu: anayetaka kujiunga sharti amtoe ndugu yake wa damu. Aliyekwisha kula karamu ya wenzake hawezi tena kujitoa, kwa kuwa anadaiwa.

Makao ya chama hicho katika masimulizi huitwa Giningi. Muhammed Said Abdulla aliliazima jina hilo katika Kisima cha Giningi (1968), riwaya ya upelelezi ya Bwana Msa. Mpelelezi huyu tunamjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kazi yake ni kuwaonyesha wanaoogopa mizimu kwamba nyuma ya kifo kuna binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Said Ahmed Mohamed amepita njia nyingine. Hamfichui mchawi ili aseme kwamba uchawi haupo. Anaichukua Giningi nzima, na kuifanya nchi yenye mtawala, Bi. Kirembwe, na raia wanaopumbazwa kwa unga wa ndere ili wasiulize maswali.

Hapo ndipo tafsiri ya umurozi inapokwama. Mwanafunzi anayemwona Bi. Kirembwe kuwa mrogi mmoja mwenye roho mbaya huhitimisha kwamba akiondolewa yeye, nchi imepona. Hilo si fundisho la chama cha wachawi. Chama hakimtegemei mtu mmoja; kinategemea kwamba kila mwanachama amekula, na kila aliyekula ananyamaza. Ukiliangalia jina la Mtolewa, kijana anayekataa utawala huo, utaona kwamba limeundwa kwa kauli ya kutendwa. Yeye ndiye anayetolewa, kama ndugu wa damu anavyotolewa kuwa kiingilio. Msomaji asiyejua kwamba wanga wana chama hawezi kulisikia jina hilo likisema lolote.

Je, Kirundi hakina kundi la siri la kufananisha na Giningi? Wanafunzi wengine hutaja kubandwa, ibada ya Kiranga, kwa sababu nayo ilikuwa na watu walioingizwa na siri zilizolindwa. Jibu hilo linavutia, ila linapotosha. Waliobandwa walikusanyika kutafuta baraka, uzazi na uponyaji, hawakuwa abarozi. Ni wamisionari waliotia vyote katika kapu moja na kuliandika jina la shetani. Katika Burundi ya kale, basi, kundi lilikuwa la ibada, na mrogi alikuwa peke yake. Katika Giningi kundi ndilo linaloroga, na aliye peke yake ni yule anayekataa kuroga. Mwalimu akiieleza tofauti hii kwa dakika 10 tu kabla ya kufungua kitabu, nusu ya maswali magumu ya tamthilia yatakuwa yamekwisha jibiwa.

Pamoja na sifa hizo, tamthilia ina jambo linalohitaji kuhojiwa. Mkuu wa wachawi ni mwanamke. Katika istiari ya kisiasa hilo huenda lisiwe na uzito, lakini istiari husomwa na watu wanaoishi mahali fulani. Usukumani, nchini Tanzania, vikongwe wengi wameuawa kwa miongo kadhaa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni. Nchini mwetu pia, kumwita mtu umurozi mbele ya majirani kunaweza kumgharimu nyumba yake, au uhai wake. Mwalimu asipoligusa suala hili, mwanafunzi anaweza kufunga kitabu akiamini kwamba mwandishi ameunga mkono anachosikia kijijini.

Tukumbuke pia kwamba anayetuhumiwa kwa kawaida hutuhumiwa akiwa peke yake. Wanaokusanyika usiku ni wale wanaokwenda kumvamia. Mwaka 2008, watu wenye ualbino waliuawa mashariki mwa Burundi, na viungo vyao vikatafutiwa soko Tanzania. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwahukumu watu kadhaa kwa mauaji hayo. Biashara ya namna hiyo haiendeshwi na mtu mmoja: yuko anayeua, anayesafirisha, anayenunua, na mganga anayetoa agizo. Kila mmoja amepata fungu lake, na kila mmoja ana sababu ya kunyamaza. Anayetafuta Giningi katika maisha ya kweli ataiona hapo kabla ya kuiona katika kibanda cha bibi kizee anayeishi peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, maneno mchawi, mwanga, mrogi na mganga yafundishwe pamoja, yakilinganishwa na umurozi na umupfumu, wala yasitafsiriwe moja kwa moja. Pili, swali la mtihani "Bi. Kirembwe ni mtu wa aina gani?" lifuatwe na jingine: "Ni nani wanaomwezesha?" Tatu, wanafunzi waulizwe katika kila kisa cha uchawi, cha kitabuni au cha mtaani, nani yuko peke yake na nani yuko kundini. Atakayezoea kuuliza hivyo atakuwa ameielewa Kivuli Kinaishi, na huenda siku moja akasita kabla ya kuungana na kundi linaloelekea mlangoni kwa jirani.