Pishi la Bibi Katika Maandishi

Kumkumbuka marehemu kwa chakula alichokipika ni desturi ya kale kwetu. Kukiandika chakula hicho ili kiwe kumbukumbu ni fani changa, nayo yastahili kuhakikiwa kama fani nyinginezo. Walimu wenzetu wanazijua insha za namna hii: bibi alikuwa mpole, mkono wake ulikuwa wa mapishi, wajukuu walijiramba. Msomaji humaliza asijue bibi huyo alipika nini, wala kwa namna gani. Sifa zimejaa, bibi hayumo.

Kitabu cha kupimia ni In Bibi's Kitchen, alichokitoa Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia, pamoja na Julia Turshen mwaka 2020. Kimekusanya mapishi na mazungumzo ya mabibi wa nchi 8 za Afrika zinazoguswa na Bahari ya Hindi, zikiwamo Kenya na Tanzania. Ubora wake ni kwamba mabibi waliulizwa wangali hai, na majibu yao yakawekwa kitabuni; mwandishi hakungoja matanga. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba neno "bibi" liko jaladani, lakini kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, na mapishi yamepangwa kwa utaratibu wa vitabu vyote vya upishi: orodha ya vitu, vipimo, hatua. Mgeni aliye mbali avihitaji vipimo hivyo, hatukatai. Ila bibi hupika akisema, na usemi wake ni sehemu ya pishi.

Tuchukue mboga ya majani ya muhogo, iitwayo kisamvu huko Tanzania, sombe mashariki ya Kongo, na isombe Rwanda na Burundi. Marehemu bibi yetu alikuwa na kauli moja juu yake: "Twanga mpaka mchi uteleze, wala usifunike chungu kabla harufu ya ubichi haijakwisha." Kauli hiyo ina sababu. Majani hayo yana sumu ya sianidi iliyofungika ndani yake. Kutwanga huyavunja, sumu ikafunguka. Na mchemsho mrefu katika chungu kilicho wazi huitoa pamoja na mvuke. Aandikaye "chemsha hadi yalainike" ameiacha elimu yote hiyo nje. Bibi hakuitaja sianidi. Aliitaja harufu, na kwa neno hilo wajukuu walikula salama.

Basi twaona kwamba bibi hukumbukwa zaidi kwa vitenzi vyake: kuchambua, kutwanga, kuinjika, kuepua, na kwa vipimo vyake. Kiswahili chatusaidia hapa: pishi ni namna ya mtu ya kupika, na pishi ni kipimo cha vibaba 4. Insha njema hutupa yote mawili.

Mwanafunzi atakapoleta insha ya sifa tupu, aulizwe: bibi alisema nini alipokuwa akipika? Ikiwa yu hai, aende akamwulize jioni hiyohiyo. Ikiwa amefariki, amwulize mama au shangazi aliyekaa naye jikoni. Kauli aiandike kama ilivyotamkwa, hata kama si Kiswahili sanifu. Na kwa kuwa katika nchi zetu mabibi wengi walisema Kirundi, Kinyarwanda au Kishi, maneno yao yatangulie, tafsiri ya Kiswahili ifuate chini yake.