Ulaya Ipi?

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechanganya, binti wa kidato cha pili alisimama mbele ya meza yangu akichuruzika maji. "Shikamoo mwalimu. Naomba kitabu cha historia ya Ulaya." Nikaitikia marahaba huku mkono umeshafika kwenye rafu ya 940, nikampa kitabu kinene chenye Napoleon juu ya jalada. Alikaa nacho kama dakika kumi. Kisha akakirudisha kwa ile adabu ya mtoto anayeogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosea.

"Mwalimu, humu hamna Wasagara."

Msomaji wa mbali atataka maelezo. Ulaya ni kata ya wilaya yetu ya Kilosa, kwa Wasagara, unapokwenda Mikumi. Watu wake huenda Ulaya na kurudi bila pasipoti, na utani huo kila kondakta wa njia hiyo anao. Nimeusikia miaka yote. Hata hivyo siku ile, mimi niliyesomea ukutubi, nilishindwa kuuliza swali la maneno mawili tu: Ulaya ipi?

Nalisimulia hili kwa sababu kila mwaka unapoisha wakutubi tuna mazoea ya kuulizana: mwaka huu umependa kifaa gani, programu gani, mtandao upi? Orodha yangu ninayo na nitaitoa. Ila kila ninapoigusa, namwona yule binti na sketi yake iliyolowa.

Cha kwanza ni kisanduku. Ndani yake mna Raspberry Pi, kompyuta ya Waingereza iliyoingia sokoni mwaka 2012, ndogo kama pakiti ya karata. Nimeichomeka memori kadi yenye Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Ukiiwasha, inasambaza waifai chumba kizima. Walimu wanakuja na vishikwambi vyao, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa, wanajiunga na kusoma wapendavyo, na hakuna bando linaloliwa. Umeme ukikatika, pawabenki inakibeba hadi jioni. Sijapata kuona kitu cha kielektroniki kinachoielewa Kilosa namna hii.

Nilipomkalisha binti mbele yake tukaandika "Ulaya", kikatuletea bara. Kisanduku nacho kilikosea kama mimi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inayo makala ya kata yetu, lakini ni ya mistari michache, na ili uipate lazima uwe umeshajua kwamba Ulaya ziko mbili.

Cha pili ni Koha. Hii ndiyo inayoniwekea katalogi na kunikumbusha nani kaazima nini. Ilibuniwa Horowhenua, New Zealand, mwaka 1999, maktaba ya huko ilipoona mfumo wake wa zamani hautavuka salama mwaka 2000. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi, na kweli hailipiwi. Siku za kwanza ilinitoa jasho. Sasa kitabu kipya nakielekezea kamera ya simu kwenye milia iliyo nyuma ya jalada, na ISBN inaingia yenyewe.

Namba hiyo ina raha yake. Ina tarakimu 13, na vitabu vingi vya Tanzania huanza na 978 kisha 9987. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Jibu lazima ligawanyike kwa 10. Tarakimu saba hizo za mwanzo pekee zinakupa 105. Nilimwonyesha mvulana mmoja mchezo huu akiwa ameniletea kitabu kilichofutika tarakimu ya mwisho. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja, akaipata iliyofutika, akanitazama kana kwamba nimemfundisha uganga.

Kwenye uhifadhi sina jipya. Sindano, uzi uliopakwa nta, gundi nyeupe na magazeti ya zamani. Kilosa tunaishi na mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hakuna aliyeyasahau. Mwaka huu kwangu halikuwa furiko, lilikuwa bati lililotoboka juu ya rafu ya sayansi. Kitabu kilicholowa usikianike juani, kitajikunja kama kauzu. Kisimamishe kivulini palipo na upepo, kurasa zimetanuliwa kama pepeo, uchomeke vipande vya gazeti kila baada ya kurasa kadhaa, na kila vinapolowa uvibadilishe. Karatasi za kawaida zitakusamehe. Zile zinazong'aa zikikaukiana hazibanduki tena. Atlasi yetu nzuri kuliko zote sasa ni tofali.

Sasa nije kwa Dewey, ambaye ni chombo pia, ingawa wengi humsahau kwa kuwa hachajiwi. Mmarekani huyu, Melvil Dewey, alitoa mpango wake mwaka 1876, akaigawa elimu yote kwa namba. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, inajinyoosha itakavyo. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, mkiani, baada ya nukta. Kwenye dini Ukristo umetandaza mkeka kutoka 220 hadi 289, Uislamu umebanwa kwenye 297. Ukipanga kwa utii, mzee wa Kilosa atavuka maktaba nzima ndipo amfikie Shaaban Robert. Namba sikuzigusa, kwa sababu mkutubi wa Bagamoyo au wa Nairobi akija anazitambua. Nilichohamisha ni rafu. 896.392 iko mlangoni, usawa wa macho, na 820 imekwenda dirishani. Mkaguzi mmoja aliguna. Nilimkaribisha chai.

Halafu lipo sanduku la Mikumi. Vitabu 40 kwenye sanduku la bati, linapanda basi asubuhi, kondakta analishusha kwenye shule moja, na baada ya mwezi linarudi. La kwanza nililijaza vitabu vya wanyama. Nilijiambia kwamba watoto wanaoishi jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, tembo wakiwa wamezoeleka kama ng'ombe, watavigombania. Vilirudi safi, havina hata alama ya kidole. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: tunaomba vya injini. Bila shaka! Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita mlangoni kwao. Wanalala na kuamka kwa ngurumo za malori, gereji zimejipanga, na chuo cha ufundi cha VETA kiko hapo hapo. Tembo wanakula mahindi yao. Wasome habari zao za nini? Nikapeleka vya injini, vikarudi na mafuta ya grisi, na sikumtoza mtu faini.

Kuhusu yule binti wa Ulaya, tulitafuta wiki mbili. Rafu hazikuwa na kitu cha kiwango chake. Mwishowe nilimwazima chombo cha mwisho kwenye orodha yangu, kinasa sauti kidogo chenye betri mbili, nikamwambia arudi nyumbani Jumamosi akamuulize babu yake. Alirudi na saa moja na nusu ya mzee akisimulia mashamba ya mkonge ya Kimamba, humu humu wilayani, mbuzi wakisikika kwa nyuma, na sehemu moja ambapo mzee ananyamaza muda mrefu hadi binti anasema, "Babu, bado inarekodi." Akaandika yote kwenye daftari la kurasa 96, kwa mwandiko wake wa mviringo, akaniletea nione.

Nilimwomba ruhusa ya kulitunza, yake na ya babu yake, nikashona jalada gumu. Kwenye Koha nikaandika jina la mada: Ulaya (kata, Kilosa). Nikalibandika 967.8, namba ya Tanzania, nikaliweka kwenye rafu pamoja na vitabu vya maprofesa. Anayeandika "Ulaya" sasa hivi kwenye katalogi yetu anaulizwa kwanza anataka ipi.

Daftari limeshaazimwa mara nne. Aliyenalo ni fundi mmoja wa baiskeli, mzaliwa wa huko huko. Amelichelewesha siku tisa, na nikikutana naye sokoni ananiambia yuko ukurasa wa 60, nisimharakishe.