KTM 390 Duke Kwenye Kona za Lushoto: Jamani, Inalala!

Niseme mapema nisikuweke roho juu: hii pikipiki inakata kona mpaka unajikuta unacheka peke yako ndani ya helmeti. Ni KTM 390 Duke, toleo la 2024, ringi zake za rangi ya chungwa kali kiasi kwamba watoto wa Mombo waliiona kabla hawajaisikia. Injini ni ya silinda moja, cc 399, nguvu farasi 44 hivi. Wapenzi wa mashine za cc 1000 wakisikia namba hizo hubenua midomo. Waacheni. Kuanzia Mombo kupanda Soni hadi Lushoto hakuna mahali pa kufungulia farasi mia mbili. Kilichopo huko ni kona, na nyingine nyuma yake, na nyingine kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Na kwa kona, hii kitu ni moto!

Rafiki yangu aliyeiagiza alinikabidhi ufunguo na neno moja tu: "Usipigane nayo, isukume." Alikuwa anasema jambo ambalo waendeshaji wengi wanalifanya bila kulijua. Ukishakuwa kwenye mwendo na unataka kwenda kushoto, unasukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani. Ndiyo, wa kushoto. Gurudumu la mbele linageuka kidogo kulia, matairi yanakimbilia kulia, mwili wa juu unabaki ulipokuwa, basi chombo chote kinaangukia kushoto, ndiko hasa ulikotaka kwenda. Kila dereva wa bodaboda kutoka Tanga hadi Bukoba anafanya hivyo kutwa nzima, hata kama ukimweleza atakubishia mpaka jioni. Kwenye Duke usukani ni mpana, kwa hiyo kiganja kikigusa tu, imeshalala. Ukiacha kusukuma, inabaki pale pale ulipoiacha. Haizidi kuanguka, haikatai, haikuulizi maswali.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza ni nyepesi: kilo 165 tangi la lita 15 likiwa limejaa. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 1,357 tu, na pikipiki fupi hugeuka upesi. Kisha kuna shingo ya usukani, ambayo imeinama nyuzi 24 kutoka wima. Chora mstari kwa mawazo kupitia katikati ya shingo hiyo mpaka chini: utagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe kwa kufuata nyuma ya shingo, kama gurudumu la toroli la supamaketi. Ikiwa kubwa, pikipiki inatulia kwenye barabara iliyonyooka lakini kwenye kona inakuwa mbishi. Ikiwa ndogo mno, usukani unakuchezea mikononi. Wahandisi wa Mattighofen, kule Austria, wamepiga palepale.

Michoro ni ya Austria, lakini chuma kinaunganishwa Chakan, jirani na Pune, India, kwenye kiwanda cha Bajaj. Naam, Bajaj yule yule wa Boxer! Alianza kununua hisa za KTM mwaka 2007, na 390 Duke ya kwanza ikatoka 2013. Kwa hiyo hii mashine ni ndugu wa ile inayobeba magunia ya mkaa mtaani kwenu.

Na kwa kuwa tumemtaja Boxer, hapa wengi watanishangaa. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, inataka ulale nyuzi 32 hivi. Duke inataka nyuzi hizo, Boxer naye anazitaka, na mashine ya milioni sitini vilevile. Fizikia haiangalii bei wala uzito. Inaangalia mwendo na ukali wa kona. Tena upana wa tairi unaongeza kazi: tairi pana likilala, mahali linapokanyaga panasogea upande wa ndani, hivyo lazima ulale zaidi kidogo ili upite kona ile ile. Vijana wanaofunga tairi nene nyuma kwa ajili ya mwonekano, mmenisikia? KTM wenyewe wameishia milimita 150 nyuma na 110 mbele, na wala hawakukosa pesa ya kuweka pana zaidi.

Tofauti basi iko wapi? Iko kwenye kile kinachotokea ukiwa umeshalala. Boxer kwa nyuzi hizo anaanza kukwaruza stendi, na shokapu zake za nyuma, ambazo zimetengenezwa kwa mzigo, zinadundadunda kila kwenye kiraka. Tairi likidunda haliko chini, na tairi lisilo chini halishiki. Mambo yote ya kona yanarudi hapo: raba ibaki imegandamizwa kwenye lami, kwa uzito usiobadilika ghafla. Ndiyo maana nawaambia watu waache kuuliza spidi ya mwisho, waulize shokapu.

Na shokapu za hii mashine! Ni za WP, kampuni ndugu ya KTM. Za mbele zina unene wa milimita 43 na zinacheza milimita 150. Juu yake kuna vifundo unavyovizungusha: kimoja kinaamua shokapu ibane kwa haraka gani, kingine irudi kwa haraka gani, hatua tano kila kimoja. Kabla ya Soni tulisimama kando, nikapunguza hatua mbili upande wa kurudi, kwa sababu pua ilikuwa inachelewa kunyanyuka kwenye viraka vilivyofuatana. Hapo hapo mashine ikabadilika! Kiraka cha kwanza, cha pili, cha tatu, gurudumu la mbele likavifuata vyote, na usukani ukawa unaniletea habari ya kila kokoto.

Jaribu hili ukiipata. Ingia kwenye kona kali ya kupinda nyuma huku kidole kimoja bado kiko kwenye breki ya mbele. Shokapu zimebana, pua imeshuka, shingo imesimama zaidi, kwa hiyo pikipiki inageuka haraka kuliko kawaida yake. Sasa achia breki polepole, kadiri unavyozidi kulala. Ukiiachia kwa ghafla pua inaruka, mstari unapanuka, unajikuta upande wa Fuso la kabichi linaloshuka. Ukiiachia taratibu, mashine inazunguka ndani ya kona kwa utulivu ambao sikuutegemea kwa pikipiki ya bei hii. Halafu mafuta kidogo, laini, uzito unarudi nyuma, unanyooka. Aisee!

Breki zenyewe ni za Bybre, tawi la Brembo linalotengeneza breki za pikipiki ndogo. Diski ya mbele ni moja, ya milimita 320, na inatosha kabisa. Kuna ABS inayojua kwamba umelala na kupunguza nguvu ya breki kwa kadiri hiyo, na kuna udhibiti wa kuteleza wenye akili hiyo hiyo. Asubuhi Usambara ina ukungu na lami inalowa chini ya miti, kwa hiyo niliweka mpangilio wa mvua na sikuona haya.

Pale Soni dereva mmoja wa bodaboda aliinama, akapitisha kidole pembeni mwa tairi la nyuma, akakuta raba imechakaa hadi karibu na ukingo. Akatazama la kwake: katikati limekuwa bapa, pembeni bado lina vinyweleo vya kiwandani. "Kaka, hii mnailaza kweli?" Nikamwambia tunailaza, na kwamba hata la kwake lingelala vizuri zaidi kama lisingekuwa bapa vile, maana tairi bapa likianza kulala linasita, kisha linaanguka ghafla. Alikuwa pia na upepo pungufu. Upepo hauna gharama yoyote ya maana, na bado ndicho kitu cha kwanza watu wanachokipuuza kabla ya kulalamika kwamba pikipiki haikati kona.

Kasoro zipo. Kiti ni kigumu. Nilipofika Lushoto nilitamani kutembea. Silinda moja ikifukuzwa sana mtetemo unapanda hadi kwenye vidole vya miguu. Nafasi kutoka chini ya injini hadi ardhini ni milimita 158, na kuna matuta ya barabarani nchini humu yaliyojengwa na mtu aliyekuwa na hasira, kwa hiyo pita kwa adabu. Vipuri utaviagiza, na utavisubiri.

Hukumu yangu: kwa anayeishi Lushoto, Mbeya, au yeyote anayepita Kitonga mara kwa mara, sijaendesha mashine ya ukubwa huu inayokata kona vizuri zaidi. Kwa wewe wa Dar ambaye kona yako kubwa ni ya kuingia Kariakoo kwenye foleni, baki na Boxer wako, mbadilishie matairi na shokapu za nyuma, mjaze upepo, na chenji itakayobaki nunua helmeti ya maana.