Mji wa Tanurini

Huku Kate, Ufipa, mvua za masika zikikaribia kuisha, ukisimama kilimani na kutazama bondeni utadhani unaona mji. Ni ntumba zile, matuta ya duara ambayo Mfipa huyafanya kwa kupindua udongo juu ya majani ili yaoze yawe mbolea. Juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, ulezi ukala ile rutuba. Kwa wazazi wetu lilikuwa shamba. Kwetu sisi watoto zilikuwa nyumba za msonge, mamia yake, na sheria ya kwanza ya vita vyetu vya kuigiza ilitokana nazo: nyumba za raia haziguswi. Aliyekanyaga ntumba ya mtu, upande wake ulishindwa papo hapo, hata kama ulibakiza hatua tatu kuuteka mji.

Mji wenyewe ulikuwa kiwanja cha nyasi fupi chenye tanuri la kale. Kwenye uwanda huu wa juu, wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, yenye matundu chini, na urefu ule ndio uliovuta hewa, hata moto ukapanda bila mtu kuvukuta. Letu lilikuwa limebomoka ubavu mmoja, lakini bado lilimpita mtu mzima kimo. Hatukuruhusiwa kulipanda. Lilikuwa mnara wa mji, na chini yake tuliweka jiwe bapa. Hicho ndicho kilichokuwa kigoda cha mwene, yaani mtawala.

Pande zilikuwa mbili, Milansi na Watwa, na majina hayo tuliyapata jioni, jikoni. Kila Mfipa amesimuliwa habari hii kwa namna fulani. Mwene wa kwanza, wa Milansi, aliondoka kwenda kuwinda, akamwachia mkewe kigoda na kumwonya asimpe mgeni. Wakaja wanawake kutoka mbali. Mke akaingiwa na hofu, au haya, au heshima kwa wageni (hapa kila bibi ana lake), akawapisha. Mwene aliporudi, nchi ilikuwa imekwishapata watawala wengine. Ukoo huo wa Watwa ndio uliokuja kugawanyika na kuzaa falme mbili zilizoshindana, Nkansi na Lyangalile, na jina la wilaya yetu ya Nkasi linatokana na ya kwanza.

Tulicheza habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haikuwahi kwenda sawa mara mbili. Hakuna aliyetuandikia maneno. Kitu kilikuwapo kwa sababu mmoja alikitaja na wengine wakakubali. Mtu akisema, "Hapa pana mto," hata adui yake aliyekuwa mbioni alikunja suruali na kuvuka polepole, maji yakimfika magotini. Sijaona adabu kubwa kuliko ile. Angeweza kukimbia moja kwa moja akamshika. Alichagua kulowa.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyependa sana kuwa mke wa mwene, nafasi ambayo wengi waliikwepa kwa kuwa ni ya kushindwa. Siku moja wageni walipofika na kudai kigoda, hakulia wala hakupigana. Alisogea kando, akasema, "Kaeni. Ila kigoda hiki hulia akikikalia mgeni." Ukimya. Kiongozi wa Watwa, naye msichana, akakitazama kile kijiwe, akakaa taratibu, kisha akatoa yeye mwenyewe, kwa kinywa kilichofumbwa, sauti nyembamba ya kulia. Nywele zilinisimama. Mshindi ndiye aliyelipa uhai neno la aliyeshindwa. Angeweza kusema, "Mbona hakilii?" na neno la mwenzake lingekufa pale pale, na mji wote nalo.

Tangu siku ile nimeamini kwamba kiini cha ufundi huu wa kuigiza vita kipo hapo. Unamshambulia mwenzako kwa nguvu zako zote, na wakati huohuo unakilinda alichokibuni kama chako.

Mtoto aliyetuharibia mchezo ni yule aliyekataa kufa. Kila kizazi cha Tanzania kinamjua: ametazama sinema, amejifunza kwamba steringi hafi, basi ukimchoma mkuki wa bua anajibu, "Hukunipata!" Tulimpenda, lakini mji ulikuwa unakonda kila alipoingia. Waliokuwa mafundi walikufa kwa muda mrefu, wakiyumba, wakiita mama zao, wakimpa aliyewapiga fahari yote.

Ukubwani nilisoma kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, nikawatambua wenzangu. Watu wazima wa pwani, miongo ya kwanza ya karne ya 20, walikuwa wamejigawa vikundi: Mombasa kwa Kingi na Scotchi, Tanganyika kwa Marini na Arinoti. Karani alikuwa jenerali, mpagazi akawa daktari, wengine wafalme. Walishona sare, wakapiga tarumbeta na kufanya gwaride kwa ajili ya dola ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza beni bara, na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini ngoma hiyo ikaitwa mbeni. Serikali za kikoloni ziliitilia shaka, zikidhani nyuma ya mchezo kuna uasi. Macho yao yalikuwa kwenye vyeo na sare. Mimi naona zaidi gharama ile: mtu anamaliza mshahara wake kununua kofia ili mpinzani wake aione. Marini waliwahitaji Arinoti kuliko walivyomhitaji jirani yeyote.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mteremko wetu, kwenye Ziwa Tanganyika, mji wa kweli uligombaniwa. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza 1916. Pale hakuna aliyekunja suruali kwa ajili ya mto wa mwenzake.

Lakini vita vya kuigiza bado vipo: Makunduchi, Unguja, kila Julai kwenye Mwaka Kogwa, pande mbili bado hupigana kwa mashina ya migomba. Natamani kuona.

Jua likizama nyuma ya tanuri, baridi ya Ufipa huingia ghafla. Hapo tulisema, "Wafu waamke," nao waliamka wakijikung'uta nyasi. Mke wa mwene na aliyemnyang'anya walilishika lile jiwe, mmoja huku, mwingine kule, wakalirudisha chini ya mnara, wakibishana njia nzima ni nani kesho atakuwa Milansi.