Siye Huyu, Mwanangu

Lamadi iko pale barabara ya Mwanza–Musoma inapopokea ile inayotoka Bariadi. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke, na upande wa pili, mwendo mfupi tu kwa gari, ni lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti. Ni mji wa mabasi, dagaa na pamba, wilayani Busega, katika nchi ya Wasukuma. Nikitaka kueleza jinsi taharuki inavyotengenezwa, naanzia kwenye ngano ambayo watoto wa Usukumani wameisikia kwa vizazi na vizazi, ngano ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa, halafu ndipo nafungua riwaya. Katika ngano hii fundi anaonekana akifanya kazi, na msikilizaji amekaa mbele yake.

Hatua ya kwanza ni kuondoa. Bibi niliyemsikiliza hapa Lamadi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, na mikono yake haikusimama alipoanza. Akamleta Shing'weng'we, zimwi, akamwacha ameze watu wote wa nchi na ng'ombe wao wote. Hakusema lina meno mangapi wala lina urefu gani. Akambakiza mwanamke mmoja tu, mja mzito, aliyejificha kwenye pumba. Vijiji vitupu, mazizi matupu, mama peke yake. Mtoto akazaliwa, akaitwa Masala Kulangwa, akakua, na siku moja akauliza swali ambalo wasikilizaji walikuwa wamelisubiri: watu wengine wako wapi? Mama akamjibu ukweli. Sasa kijana ana kazi mbele yake, nasi tunajua ni kazi gani, lakini hatujui ni kubwa kiasi gani.

Hatua ya pili ndiyo ninayoistaajabia kuliko zote. Kijana anatoka kuwinda, anarudi na panzi. "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Mama anajibu: siye huyu, mwanangu, huyo ni panzi. Watoto waliomzunguka bibi wakacheka. Kijana anatoka tena, anarudi na ndege, anauliza vilevile, anajibiwa vilevile, ila safari hii jibu la bibi lilikuwa fupi zaidi na kicheko kilikuwa kidogo. Mara ya tatu kijana akarudi na swala mabegani. "Mama, huyu ndiye?" Bibi hakujibu. Aliinamia ungo, akaokota changarawe moja katikati ya dagaa, akaitupa pembeni, akapangusa kidole kwenye khanga. Mtoto mmoja akashindwa kuvumilia, akajibu kwa niaba yake: siye! Bibi akamwangalia, akasema taratibu kwamba ni kweli, siye.

Zimwi halijaelezwa bado, na tayari tunalijua. Tunajua si panzi, si ndege, si swala. Kila "siye huyu" imeongeza kimo chake, na msimulizi hakutumia neno hata moja la kutisha. Angemtoa swala kwanza, kazi yote ingeharibika, kwa kuwa woga usingekuwa na mahali pa kupanda. Na kuna jambo jingine amelifanya kimyakimya: kijana aliyeanza na panzi sasa anaweza kuua swala. Tumeonyeshwa hatari ikikua na nguvu ya kuikabili ikikua, hatua kwa hatua, mpaka hatuwezi kusema ni ipi iliyotangulia mbele. Wale watoto walikuwa wameshaisikia ngano hii. Walijua mwisho. Na bado walishika pumzi.

Masala Kulangwa anamuua Shing'weng'we, anampasua tumbo, na watu wote wanatoka pamoja na mifugo yao. Mtunzi mchanga angefungia hapo. Ngano haifungi. Kisu cha kijana, katika kupasua, kinamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, na badala ya kushukuru anakasirika na kutafuta kisasi. Katika furaha ile ya nchi nzima kurudi, msimulizi amedondosha jeraha dogo, na wasikilizaji wanalazimika kukaa chini tena. Jambo dogo kama sikio, tena lililotokea kwa bahati mbaya, linafaa kuliko zimwi la pili, kwa sababu zimwi la pili lingeuliza swali lilelile.

Mwandishi wa riwaya hana ungo, wala haoni macho ya watoto. Ana karatasi tu, na msomaji anayeweza kufunga kitabu wakati wowote. Inambidi ukimya ule wa bibi autengeneze kwa maneno.

Njia iliyo wazi zaidi ni kukata. Eric Shigongo, mwana wa Kanda ya Ziwa aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, alijenga jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, mojawapo ikiwa *Rais Anampenda Mke Wangu*. Katika hadithi za aina hii mlango unagongwa, mkono unashika kitasa, na nafasi ya gazeti imekwisha. Wapo wanaoidharau kazi hiyo. Mimi naiheshimu, kwa kuwa kukata ni rahisi, lakini kumfanya mtu akumbuke kitasa hicho mpaka toleo lijalo ni kazi ya paragrafu zote zilizotangulia. Msomaji lazima awe ameshampenda mtu aliye ndani ya chumba.

Njia ya pili ni kuchagua nani asimulie. Katika *Kufa na Kupona*, iliyotoka 1974, Elvis Musiba anamwacha mpelelezi Willy Gamba aeleze mwenyewe yaliyompata. Msimulizi yuko hai, anatusimulia, kwa hiyo hofu ya kifo chake inapungua tangu ukurasa wa kwanza. Musiba anajua hilo, na anahamisha uzito: nani kati ya hawa wanaomchekea Willy ni msaliti? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa ameshafanya kinyume chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, anaona na kunyamaza. Katika visa vyake Najum, rafiki yake, yupo palepale, anatazama vitu vilevile na haelewi, nasi tunasimama upande wa Najum. Ushahidi haufichwi gizani. Unawekwa mezani, katikati ya mambo mengine, na mtunzi anaendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea.

Ng'ambo ya ghuba kutoka Lamadi ni Ukerewe, na visiwa hivyo vimetoa mafundi wawili ambao taharuki yao haihitaji bastola. Euphrase Kezilahabi aliiweka *Rosa Mistika*, ya 1971, katika kijiji chake cha Namagondo. Barua ya mvulana inamfikia baba, Zakaria, na binti anapigwa vibaya. Tangu hapo Kezilahabi hatufichi kitu. Tunajua kwamba Rosa amekatazwa kila njia ya kuwajua wanaume, na tunajua kwamba shule itamtoa nje ya macho ya baba. Kila hatua ya uhuru wake inatutia hofu, kwa kuwa sisi tunaona anachokosa na yeye haoni. Hapa wasiwasi unatokana na kujua mengi mno.

Lakini aliyenishangaza zaidi ni Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Swali lake ni moja: je, mume na mke hawa watapata mtoto? Wakwe wanamchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wamemtukana kwa utasa. Myombekere anaenda kuomba radhi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Mtunzi mwingine angeruka: pombe ikapikwa, mke akarudi. Mvuvi aliyenasa sangara mkubwa havuti kwa pupa. Humlegezea kamba, akamwacha aende, akamrudisha kidogo, na ndivyo Kitereza anavyofanya. Lazima ndizi zipatikane na ziive. Lazima zikamuliwe, juisi ichachushwe, watu wa kusaidia waombwe, vyombo vitafutwe. Kila kazi inaelezwa kwa mpangilio wake, na katika kila kazi kuna mahali pa kuharibika. Pombe ikichacha vibaya, mke harudi. Kurasa zinazoonekana kama maelezo ya mila kumbe ndizo zinazotushikilia, kwa sababu Bugonoka yuko upande wa pili wa kila mtungi.

Na pombe inapokuwa tayari, Kitereza hafupishi bado. Kuna njia ya kwenda kwa wakwe, na mitungi lazima ibebwe kichwani ikiwa imejaa.