Erddig: Jumba Lililotuingizia Uani

Jamani, nimetoka Erddig na moyo bado unanidunda! Tulikwenda Jumamosi, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu aliyekuja kutoka Tanga kula Krismasi nasi. Kabla hata ya saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kuamua: mwakani tunarudi, na tunawaleta majirani.

Kwanza jina. Hizo d mbili za Kiwales hutamkwa kama dh ya dhahabu, kwa hiyo sema "Erdhig" na umepatia. Mahali penyewe ni kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya Wrexham, Wales, ule mji wa timu ya mpira iliyonunuliwa na waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney mwaka 2021. Mwanangu alikuja akiiwazia timu hiyo. Aliondoka akizungumza habari za maji na baiskeli!

Sasa sikilizeni. Nilitarajia tupandishwe ngazi za mbele kama wageni wa tajiri. Wapi! Erddig mgeni huanzia nyuma: karakana ya seremala, shimo la kupasulia mbao, kwa mhunzi, mazizi ya farasi, chumba cha kufulia chenye mashine ya kunyooshea nguo yenye sanduku zito kama kaburi, tanuri la mikate, halafu jiko. Na jiko lile! Lilijengwa miaka ya 1770, lina dirisha kubwa linalomwaga mwanga, na juu ukutani wameandika onyo kwamba asiyefuja hatahitaji. Siku ile lilipambwa matawi mabichi yanayonukia msitu. Mama alisimama katikati, akageuka taratibu akitazama sufuria za shaba, akaniambia, "Mwanangu, leo tumeingizwa uani kama wenyewe." Kwetu mgeni hukomea barazani. Anayepita uani ni mtu wa nyumbani.

Na ukuta ukakubaliana naye. Mabwana wa nyumba hii, ukoo wa Yorke walioirithi mwaka 1733, walifanya jambo ambalo sijaliona katika jumba lingine lolote: waliwachoresha watumishi wao. Katika miaka ya 1790 Philip Yorke alimwita mchoraji John Walters kutoka Denbigh, wakachorwa mmoja mmoja kwa rangi za mafuta, na Yorke mwenyewe akamtungia kila mtu mashairi. Yuko seremala, yuko mpagazi wa jikoni. Yuko Jane Ebbrell, aliyechorwa mwaka 1793 akiwa na miaka 87, mfagia utando wa buibui wa nyumba! Katika mkusanyiko huo yumo pia kijana mweusi wa karne ya 18, ameshika pembe. Binti yangu wa miaka saba alikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya mti wa Krismasi. Mimi nilikaa naye.

Huko juu kuna kitanda cha hariri ya Kichina, vioo, fedha, na vitu kama elfu thelathini, maana ukoo huu haukujua kutupa kitu. Ni vizuri sana, lakini nitavipita haraka, kwa sababu kilichonigusa ni habari ya bwana wa mwisho, Philip Yorke wa tatu. Aliishi humo bila umeme wa gridi, katika jumba lililozama kama mita moja na nusu kwa sababu ya mgodi wa makaa ya mawe uliochimbwa chini yake! Mwaka 1973 akalikabidhi kwa shirika la uhifadhi la National Trust, likatengenezwa, likafunguliwa kwa umma mwaka 1977. Baiskeli zake wamezihifadhi, hata ile ya gurudumu moja kubwa mbele na moja dogo nyuma. Mwanangu aliomba kuipanda mara tatu.

Nje ndiko watoto walikoimaliza siku. Bustani imezungushiwa ukuta wa matofali ulioegemezwa mitofaa ya aina zaidi ya mia moja, sasa haina jani hata moja, na mfereji wa maji umenyooka kama rula. Lakini teremkeni mpaka bondeni mkaone kile wanachokiita Kikombe na Kisahani, kazi ya mwaka 1774 ya William Emes: maji ya kijito yanajikusanya kwenye duara, yanatumbukia shimoni katikati, kisha yanatokeza mbali kidogo kupitia handaki. Watoto walirusha majani upande huu, wakakimbia kuyapokea upande wa pili, wakarusha tena. Tuliwaita, hawakusikia.

Chukueni viatu vya matope na makoti mazito, njia za bondeni zinateleza. Angalieni tarehe za kufunguliwa kabla ya kuondoka nyumbani. Na nendeni asubuhi, tafadhali, msisubiri mchana: vyumba vingi vya juu hadi leo havina taa za umeme, na Desemba jua la Wrexham huzama kabla ya saa kumi jioni.